Barua kwa mwanangu: niliyoyaona ulipokuwa mdogo

Tanga

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, isipokuwa magoti ya mama yako ambayo hayataki tena kusikia habari za basi. Ulisema mtaalamu anayekupima usonji (autism) anataka kuzungumza na mtu aliyekujua tangu utotoni. Kuja Dar es Salaam hatuwezi kwa sasa, kwa hiyo nimekaa barazani kuandika, mama yako pembeni akinisahihisha. Mpe aisome yote, hata pale ninapokusema.

Nimejaribu kwanza kuelewa kwa nini anatuhitaji wazee. Usonji hauna kipimo cha damu, wala hakuna picha ya ubongo inayouonyesha. Mtaalamu anakuhoji, anakutazama, na anauliza historia. Mwongozo wa kutambua matatizo ya akili wanaoutumia Wamarekani (DSM), toleo la tano la mwaka 2013, unataka dalili ziwe zimeanza utotoni, lakini unakubali kwamba zinaweza kujificha mpaka maisha yamzidi mtu nguvu, au zifunikwe na mbinu alizojifunza baadaye. Hapo kwenye kufunikwa ndipo ninapotaka asome taratibu.

Nianze na kusema. Ulisema mapema, majirani ni mashahidi. Ajabu ilikuwa ni maneno yenyewe. Radio Tanzania ilikuwa na matangazo ya vifo, na wewe, hujatimiza miaka minne, uliyarudia kwa sauti ile ile ya mtangazaji: fulani wa Korogwe anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, habari ziwafikie ndugu na jamaa popote pale walipo. Bibi yako alikuwa akitoka nje akivuta istighfari. Na ukiwa na kiu hukusema "nataka maji". Ulisema "unataka maji?", vile vile tulivyokuwa tukikuuliza sisi.

Hilo la mwisho limenishtua niliposoma habari za Donald Triplett, Mmarekani anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kutambuliwa kuwa na usonji. Mwaka 1938 baba yake, wakili wa mji mdogo wa Forest kule Mississippi, alimwandikia daktari Leo Kanner barua ya kurasa 33 kumweleza mtoto huyo. Akiwa na miaka miwili tu Donald alikuwa anaisoma Zaburi ya 23 kwa moyo, na yeye pia alijiita "wewe". Kanner alipochapisha makala yake ya usonji mwaka 1943 juu ya watoto 11, Donald alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Nakutajia hasa kwa sababu ya mwisho wake: aliajiriwa benki pale pale mjini kwao, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Watu wakisikia usonji hufikiria mtoto asiyesema. Watoto wanakua.

Nikuandikie na maji. Nilikuwa karani bandarini, na kila mwaka ukianza nilirudi na kijitabu cha majedwali ya maji kujaa na kupwa. Ulikihifadhi chote kichwani. Mgeni hajavua viatu, unamwambia kesho maji yatajaa saa ngapi, yatapwa saa ngapi, na kama ni bamvua au maji mafu. Wavuvi wa Sahare walikuja kukujaribu kwa mzaha, wakaondoka wamenyamaza. Sasa mtaalamu asikimbilie kuandika hapo. Kupenda kitu ni kupenda tu, kaka yako naye alikuwa hivyo na Simba. Lakini kaka yako akiona mgeni anapiga miayo alibadili mazungumzo. Wewe miayo hukuiona. Na siku kurasa mbili zilipochanika ulilia mpaka ukatapika, na hakuna ahadi ya pipi wala tishio la fimbo lililokufikia. Nilijua watoto wenye deko, na hiyo haikuwa deko.

Kuna la "karibu" ambalo mama yako anacheka hadi leo. Tukipita kwa watu wanakula, wakasema karibuni, wenzako waliitikia "asanteni, tumeshiba" wakapita. Wewe ulinawa mikono ukakaa. Tulikueleza, ukaelewa, na wiki nyingine kwa nyumba nyingine ukanawa tena, kwa sababu tulikuwa tumekueleza juu ya nyumba ile ya kwanza. Ukiulizwa habari, ulijibu "mbaya, tumbo linauma" kabla ya ile "nzuri" inayotangulia. Naona jambo hilo hilo limekua nawe. Bosi akisema "tutaangalia", unasubiri aangalie. Rafiki akisema "niko njiani" naye bado anaoga, unatoka kumsimamia kituoni.

Kuhusu macho sina ushahidi wenye uzito. Maandishi ya Ulaya na Marekani yanaanza na kutotazamana machoni, lakini hapa kwetu binti anayeinamisha macho mbele ya wakubwa anasifiwa adabu, na wewe ulisifiwa sana. Aulize kuhusu watoto wenzako. Hao nao hukuwatazama machoni, uliwatazama mdomo.

Mambo ya mwili: lebo za shati la shule mama yako alizikata kwa wembe, ukalalamikia uzi uliobaki, ikabidi aufumue wote. Ukitumwa dukani ulizunguka njia ndefu kuikwepa mashine ya kusaga. Nimesoma kwamba hisia za namna hii, sauti, harufu, mguso, ziliingizwa rasmi kwenye vigezo mwaka 2013, ndiyo maana watu wazima wengi hawakuwahi kuulizwa.

Na sasa kufunikwa. Ulipofika kama darasa la sita ulianza kucheka kicheko cha binti ya shangazi yako. Nakiri kilikupendeza. Mama yako alikukuta mbele ya kioo ukifanya mazoezi ya kuitikia salamu, unainua nyusi, unashusha, unaanza upya. Kuanzia hapo walimu wakaacha kulalamika na wageni wakasema umechangamka. Ila tukitoka harusini ulijifungia chumbani, taa umezima, khanga umejifunika uso, unasokota pembe yake kwa vidole, na husemi na mtu mpaka kesho yake. Wenzako walichoka miguu kwa kucheza, wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti muda wote.

Wataalamu wanasema wasichana hujificha hivi zaidi, na wengi hutambuliwa wakiwa watu wazima, baada ya kutibiwa sonona au wasiwasi kwa muda mrefu. Kwa hiyo, mwanangu, ukiulizwa kama unaweza kuzungumza na watu usiowajua, usijibu "ndiyo" ukaishia hapo. Hilo litakuwa jibu la kweli na litampoteza. Mwambie unajiandaaje usiku wake, unanakili nini kwa nani, na jioni yake unabaki na nini. Kuweza na kuweza kwa bei gani ni maswali mawili, na wewe una mazoea ya kujibu lililoulizwa tu.

Lile dodoso la maswali 50 ulilojaza kwenye simu nimelitazama. Ni la mtafiti Simon Baron-Cohen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, la mwaka 2001. Linapima kiasi cha tabia hizo, halitoi hukumu, na mtu mwenye wasiwasi mkubwa naye anaweza kupata alama za juu. Mwaka ule uliohamia Dar, ulipokosa usingizi na kuacha kupokea simu, unaweza kuwa sonona tupu, nayo inatibika. Au yote mawili, maana hukaa pamoja mara nyingi. Mtaalamu atenganishe yaliyoanza ukubwani na haya niliyoandika juu. Masikio yako yalipimwa ukiwa mdogo, yalikuwa mazima. Kifafa hukuwahi kuwa nacho.

Baba yako mdogo anasema ni aibu tu, tunakuza mambo. Mwenye aibu anajua la kusema, anaogopa kulisema. Wewe hukuogopa mtu. Uliwaeleza maji hata masheikh. Halafu mambo haya mara nyingi hutembea katika ukoo, na baba yako mdogo huyo huyo amekula wali kwa dagaa kila usiku tangu nimjue, na ukihamisha redio yake hali. Sisemi kitu.

Bibi yako, Mungu amrehemu, alisema jini, akakupeleka kusomewa. Wengine walimsema mama yako kwamba hakukulea. Nimemsomea kwamba hata Marekani, miaka ya 1950 na 1960, madaktari waliwalaumu akina mama kwa ubaridi, na nadharia hiyo imetupwa. Amefurahi kuliko alivyotaka kuonyesha.

Ikithibitika, hakuna dawa ya kuuondoa usonji, na usikubali wa kukuuzia. Dawa zipo za wasiwasi au usingizi ukihitaji. Huduma nyingi hapa nchini zimejengwa kwa ajili ya watoto, kwa hiyo jiandae kupewa ushauri wa mtoto wa miaka mitano na uuchuje. Kazini, kabla ya kumtajia bosi jina la hali yako, jua kwanza unataka nini kwake. Meza iliyo mbali na mlango na maelekezo kwa maandishi unaweza kuviomba hata kesho bila kueleza chochote. Kwa wakwe mwachie mumeo aseme, yeye anawajua.

Kadi ya kliniki na ripoti zako za shule ya msingi nimeziweka kwenye bahasha hii. Ya darasa la tatu ina maneno ya mwalimu, "humsahihisha mwalimu mbele ya darasa", ameyapigia mstari. Zitolewe nakala na zirudi, mama yako hajanisamehe kwa kuzitoa sandukuni. Mtaalamu akitaka kunipigia, apige baada ya alasiri, namba ya mama yako. Yangu haikai na chaji.

Baba yako