Barua kwa mwanangu: huyo si mdogo wako

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi tu wazima. Mvua haijakata wiki ya pili sasa, sare za shule zinakaukia jikoni na zinanuka moshi. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu utaniambia mtandao unakatika.

Ile video ya mahojiano yako, kabla ya safari yako ya Los Angeles, tumeiona. Jirani ndiye aliyeileta, anajivunia wewe kuliko hata mimi. Umependeza. Na yule mwigizaji uliyemchora, pale nyuma yako, nilitaka kumkaribisha chai. Halafu mtangazaji akauliza, na huyu mtoto kwenye kapicha ka pembeni ni nani? Ukacheka ukasema, "Huyo mdogo wangu, yuko kwa mama Tukuyu."

Mwanao alikuwa kwenye kigoda anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Kisu kikasimama. "Bibi, mdogo wake nani?" Nikamwambia huko mjini watu huitana hivyo kwa mapenzi. Akaendelea kumenya. Sasa nyumba hii ina waongo wawili.

Usiku nikakitoa kile kitabu chako ulichokiacha, chenye mwanamke wa kofia ya ngozi ndani ya gari la kijani. Huyo mchoraji Tamara de Lempicka wako, unayenitajia kila nikikuuliza utakula nini kwa kuchora sura za watu. Kijana wa jirani, huyu anayesoma chuo Mbeya, nimemkalisha jioni mbili akinisomea kwa Kiswahili, nikamlipa parachichi. Unajua lile gari la kijani hakuwa nalo? Bugatti ni ya kwenye picha tu. Yeye alikuwa akiendesha Renault ndogo ya njano.

Sikatai, alikuwa fundi. Amekimbia mapinduzi ya Urusi, amefika Paris, wanaishi kwa kuuza vito, ndipo anashika brashi na brashi inamlisha. Hapo nilikuona wewe, sitaficha. Mwaka 1939 akavuka kwenda Marekani na mume wa pili, yule baroni, wakakaa Beverly Hills katika nyumba iliyokuwa ya mwongozaji wa filamu King Vidor. Karamu, waigizaji wanaingia wanatoka, yeye anaitwa baronesi mwenye brashi. Lakini angalia: magazeti yalimwandika nguo na karamu, picha zake zikabaki nyuma. Kufika 1943 wameshahamia New York.

Sasa mtoto. Kizette, binti yake. Mwaka 1927 alimchora Kizette kwenye roshani, picha ikapata zawadi ya kwanza Bordeaux. Amemchora mpaka vidole, na mtoto mwenyewe analelewa na bibi na mabweni ya shule. Na walioandika maisha yake wanasema kule Hollywood alimtambulisha kuwa ni mdogo wake. Nikamwambia kijana arudie kusoma. Akarudia. Mdogo wake.

Yule bibi nimempenda. Krismasi ya 1929 Tamara yuko Marekani kwenye kazi ya kuchora, habari zikaja kwamba harudi. Inasimuliwa kwamba bibi alitoa kofia zote za gharama za Tamara akazitia moto, mjukuu anatazama. Wewe kofia huna. Ila una masanduku mawili ya rangi na turubai tisa chini ya kitanda changu, na kuni msimu huu zimelowa.

Usinijibu kwamba hata mimi nilikuacha kwa bibi yako. Nilikuwa Tunduma natafuta, na ada uliipata. Kule sokoni hakuna aliyeniita mama wa mtu, waliniita Dada Vitenge, nami sikuwasahihisha, biashara ilikwenda vizuri zaidi hivyo. Tuyaache hayo.

Kuhusu malipo. Yule wa tamthilia amekulipa? Najua hajakulipa. Huko Los Angeles usichovye brashi kabla nusu haijaingia mkononi. Vitenge nimewakopesha watu wenye saa za dhahabu na watu wenye kandambili, waliolipa ni wa kandambili. Pasipoti usimwachie mtu. Kanisa litafute, hata la mbali.

Na wakikuuliza kama una mtoto, sema ninaye. Habari za baba yake si lazima, hazimhusu mtangazaji. Ninaye, yuko darasa la tatu, Tukuyu. Maneno sita hayo, ule uongo wako ulikuwa na saba. Nimejaribu kuyasema mbele ya kioo, hayachukui hata muda wa kukohoa.

Mwisho wa yule mama nao umenikaa kichwani. Mtindo wake ulipitwa, watu wakamsahau mpaka Paris ilipomkumbuka kwa maonyesho ya 1972. Amezeeka Cuernavaca, Mexico, na aliyehamia huko kumtunza ni Kizette. Alikufa Machi 1980, majivu yake yakamwagwa juu ya Popocatépetl, mlima wa moto kama Rungwe wetu, ila ule bado unafuka. Siandiki haya ili uje unitunze. Mimi bado nina miguu.

Ile picha ya marehemu baba yako ipo sebuleni, nimeitoa pale karibu na dirisha kwa ajili ya unyevu. Wageni wakiingia wanashusha sauti. Mikono yake uliipata sawasawa, hilo sijawahi kukuambia.

Ng'ombe amezaa, dume tena. Bati la jikoni la upande wa mgomba limeng'olewa na upepo, nimeweka jiwe. Dalali wa parachichi alikuja anataka shamba zima kwa bei ya ndoo, nimemfukuza, atarudi. Ile hela uliyotuma nimelipia michango ya shule, iliyobaki ni ya bati, kwa hiyo usiniulize tena.

Ulisema utapita kabla ya ndege. Pita. Ukifika Uyole jioni lala hapohapo, usipande gari za usiku, ukungu huoni hata taa za mwenzako. Na usije na mtu wa kamera.

Viatu vya mwanao sasa ni namba 33, si ile 31 uliyo nayo kichwani. Anataka vyeusi, vya kamba. Nilimwambia akanyage karatasi nimzungushie kalamu, akakataa, akakaa chini akauchora mguu wake mwenyewe kwa kuutazama. Karatasi nimeitia humu. Vidole amevitia vivuli, na hakuna aliyemfundisha.

Mama yako