Rehema, lile daftari unalo bado?

Dada Rehema,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi wazima, isipokuwa mama goti linamsumbua asubuhi hadi alizoee. Najua tumekaa kimya muda mrefu na mambo ya kusimuliana yamerundikana, ya Salim peke yake yanataka barua nzima. Yatangoja. Leo lipo moja lenye haraka: nyumba imeuzwa.

Nyumba yetu, ghorofa zote pamoja na ule uwanja wa nyuma wa kuanikia nguo. Mzee mwenye nyumba hakutuambia neno. Tulianza kuona watu wenye kamba za kupimia. Wakapima ukuta, wakapima uwanja, wakachomeka vigingi vyekundu hadi chini ya dirisha la Mama Zawadi. Alipowauliza wanapima nini wakamjibu ni mambo ya mtaro. Baadaye zikaingia barua chini ya milango, kila mlango na yake, kwa jina la kampuni ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia. Jengo lina mmiliki mpya, litabomolewa kupisha mradi, na wapangaji tunaombwa kutoa ushirikiano. Tarehe ya kuondoka imeandikwa kwa herufi nzito. Jina la mtu wa kumuuliza swali halimo.

Sasa sikia kwa nini nakuandikia wewe. Lile daftari jeusi la umoja wetu wa wapangaji, ulilokuwa ukiandika ulipokuwa mweka hazina, unalo? Salim anaapa kwamba ulihama nalo ndani ya sanduku la vitabu. Ndani yake kuna orodha ya amana ya kila chumba, ile fedha aliyoshikilia Mzee tulipopanga, na pembeni kuna saini ya Mzee mwenyewe, aliyoweka siku ile tulipomketisha uwanjani baada ya nyongeza ya kodi. Dada, ukurasa ule leo ni mali. Kampuni inasema haijakabidhiwa amana ya mtu yeyote. Mzee tukimpigia simu anapokea mwanawe, anasema baba kapumzika. Wengi wetu tulilipa mkononi, na risiti, kwa wale waliopewa, zimefifia hadi huoni kilichoandikwa.

Lakini nikuambie kinachoninyima usingizi, maana si amana peke yake. Kuna mtu anapita jioni. Kavaa vizuri, ana sauti ya upole, anabisha mlango mmoja baada ya mwingine na kamwe haji watu wakiwa wamekusanyika. Anabeba fomu. Kila anapoingia anasema mlango uliotangulia umeshatia saini, na kwamba fedha ya kuhamia ni kubwa kwa wanaowahi, itapungua kila wiki, na wa mwisho hataambulia kitu. Fundi wa redio alisaini kwa sababu aliambiwa Mwalimu kasaini. Mwalimu hakuwa amesaini chochote! Walipokutana kwenye ngazi, fundi alikaa chini palepale akashika kichwa. Ana watoto wanne, aliogopa kubaki mikono mitupu, na mimi simlaumu hata chembe. Namlaumu aliyemdanganya.

Na bibi wa juu, yule aliyekufundisha kushona. Miwani yake imevunjika. Yule bwana akajitolea kumsomea fomu, akamsomea kwamba ni ya kukiri kupokea taarifa. Bibi keshashika kalamu, mjukuu wake yule mdogo mwenye mdomo, aliyekuwa sakafuni na kazi za shule, akainuka akasema, "Bibi, hapa pameandikwa umekubali kuhama kwa hiari yako." Alisoma neno kwa neno, kwa kidole, kama wanavyofundishwa darasani. Bwana akakusanya karatasi zake akaaga. Tumemcheka mtoto yule kwa furaha siku nzima, Mwalimu anamwita Wakili. Ila mimi kila nikikumbuka nasikia baridi. Je, angekuwa nje anacheza?

Tumepata kijana wa msaada wa kisheria, anatusaidia bila malipo. Hasemi maneno makubwa. Kitu cha kwanza alichotuambia ni kwamba barua ya kampuni si amri ya mahakama, na mtu asije akatutolea vyombo nje kwa barua ile. Cha pili, mkataba haufi kwa sababu tu nyumba imeuzwa. Anayenunua nyumba yenye watu ananunua na mikataba yao, na tusome yetu kifungu kwa kifungu tuone inasemaje kuhusu notisi. Akatutolea mfano wa Ujerumani, kwamba sheria yao ya madai inalisema wazi kabisa: mnunuzi anaingia mahali pa mwenye nyumba wa zamani, na amana nayo inamfuata, hata kama muuzaji hakumkabidhi. Mama Zawadi akauliza, "Na huku?" Kijana akajibu kwamba huku tutabishana, na kwenye kubishana mwenye karatasi ndiye mwenye nguvu. Hapo watu wote wakageuka kunitazama mimi, kwa sababu wanajua wewe ni rafiki yangu. Ndiyo maana narudia: daftari.

Alituachia pia maelezo ya kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za kiuchumi na kijamii, ya mwaka 1997, kuhusu watu kuondoshwa kwa nguvu. Nimeyasoma mara nyingi hadi nayajua. Watu washauriwe kwa dhati kabla. Wapewe notisi ya muda wa kutosha. Waelezwe mahali hapo patatumiwa kwa kazi gani. Wasitolewe usiku wala wakati wa hali mbaya ya hewa. Na asiwepo mtu anayeachwa bila makazi kwa sababu ya kuondoshwa. Yale si sheria ya mtaani kwetu, kijana alitukumbusha hilo, mahakama inaweza kuyasikiliza na inaweza kuyaweka kando. Lakini Rehema, kulikuwa na watu waliokaa wakafikiria habari ya mtu kutolewa nje usiku, wakaona iandikwe kwamba haifai. Nilipomsomea mama alisema, "Kumbe tunajulikana."

Nisije nikakupa picha kwamba tunapinga kila kitu. Nyumba imechoka. Ule ufa wa ngazini uliouacha sasa unaingiza kidole. Ikijengwa mpya na imara, ni jambo jema, watu wanahitaji mahali pa kuishi. Tunachodai ni kuzungumzishwa pamoja, mezani, mchana, na fomu zibaki kwetu tuzisome. Muda hadi watoto wamalize mwaka wa shule. Amana zetu. Gharama ya kuhama isiyopungua kwa kumtisha mtu. Na anayetaka kurudi jengo likikamilika apewe nafasi kwa maandishi. Mwalimu anataka tuongeze la kununua wenyewe, maana kasikia mji wa Washington kule Marekani una sheria tangu 1980 inayowapa wapangaji nafasi ya kwanza ya kununua jengo lao linapouzwa. Fundi akamuuliza kwa fedha gani. Wamebishana hadi tukafunga kikao. Mimi nadhani Mwalimu ana hoja, ila kwetu treni hiyo imekwishapita, jengo limeshauzwa.

Habari iliyonikaa zaidi ni ya hoteli moja ya San Francisco, International Hotel. Wakazi wake wengi walikuwa wazee, Wafilipino na Wachina, waliopanga vyumba miaka na miaka. Walianza kupigania pale 1968, wakatolewa na polisi usiku wa Agosti 1977, maelfu ya watu wakiwa nje wameshikana mikono kuwazuia. Kisha kiwanja kikakaa kitupu. Nyumba mpya za wazee wa kipato kidogo zilifunguliwa pale mwaka 2005. Wazee wangapi walikuwa hai kuziona? Kwa hiyo tumeandika swali letu la kwanza kwa kampuni: je, kibali cha ujenzi mnacho, na fedha za kujengea zipo? Tusitolewe mbio halafu majani yaote.

Huku nyuma maisha ndani ya jengo yamekuwa magumu kwa namna ambayo, kwangu, inaonekana imepangwa. Pampu ya maji imeharibika na hakuna anayekuja. Taa za ngazini zimekufa, mama anapanda akipapasa ukuta. Mlinzi ameondolewa. Kijana anasema tuandike kila kitu na tarehe yake, tupige picha, na kodi tuendelee kulipa kwa njia inayoacha alama, wasije wakasema tumetolewa kwa kutolipa. Tunaandika. Nimenunua daftari jipya, na... lakini jipya halina saini ya Mzee.

Mlango wako wa zamani nao una barua. Vijana wanaokaa humo sasa ni wapole, wamefika juzijuzi, walidhani hayawahusu kwa kuwa ni wageni. Mama Zawadi amewavuta kikaoni kwa mkono. Tumekubaliana kwamba asiwepo anayefungua mlango jioni akiwa peke yake. Yule bwana akibisha, jirani naye anatoka. Amekuja mara moja tangu hapo, akakuta watu sita kwenye korido, hakutoa fomu.

Sasa nijibu, dada. Daftari unalo? Kama unalo, ule ukurasa wa saini mzima au maji yameuingia? Unaweza kuupiga picha leo na kunitumia, kisha lenyewe ukampa shemeji akija huku, mkononi, si kwa gari la mizigo? Na ungekubali kuandika maelezo mafupi, kwamba siku ile ulikuwepo, ulimwona Mzee akisaini, na waliokuwepo ni nani na nani? Kijana anasema yatakuwa na uzito kwa sababu wewe hukai hapa tena na huna cha kupata. Amana yako mwenyewe ulirudishiwa ulipohama, au Mzee alikuzungusha? Yule binamu yako wa ofisi ya ardhi bado yupo kazini? Tunataka tu kujua jinsi ya kuomba nakala ya hati, tuone jengo limeandikishwa kwa jina la nani.

Na ninyi huko mnaendeleaje? Mwenye nyumba wenu ni mtu wa namna gani? Mkataba wenu umeandikwa? Usome tena usiku wa leo, Rehema, na ukilipa chochote chukua risiti.

Jibu kwa simu ukiweza, usingoje kuandika. Kikao kingine ni Jumapili.

Ndugu yako,
Asha