Mti wa jirani ukiangukia mabati yako

Mhariri,

Upepo wa kusi ukishika kasi, ugomvi wa miti huanza hapa Mombasa. Mwembe mzima ukiangushwa na dhoruba, si rahisi kumlipisha mwenyewe. Lakini ukiwa umeoza shina, mchwa wamepanda hadi kwenye panda, uyoga umeota mizizini, naye ameonywa akapuuza, huo ni uzembe, na fidia unayo haki ya kuidai. Tatizo ni ushahidi: watu huonyana kwa mdomo, kisha kila mmoja hukana. Andikeni jamani! Barua yenye tarehe, nakala 3: yako, ya jirani, ya mzee wa mtaa. Mti ukianguka, piga picha kabla tawi halijaguswa, hasa pale shina lilipovunjikia. Uozo huonekana hapo. Msumeno ukipita, ushahidi umepotea.

Mkazi wa Kisauni,
Mombasa