Mhariri, baba mdogo wangu hakushikiwa panga

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu linauzwa shilingi mia mbili na sijawahi kuwaandikia, hata ile siku mliyoweka picha ya kilele cha Mawenzi mkaandika Kibo nilinyamaza. Ila ile makala ya ukurasa mzima kwamba Uislamu popote ulipofika ulifika kwa upanga, alafu wiki inayofuata mkampa mwingine nafasi ajibu kwamba hakuna binadamu aliyewahi kulazimishwa, hapo nimeshindwa. Mmetuuzia uongo mara mbili, na mara zote mbili nimelipia.

Huyu wa kwanza. Waarabu waliteka Misri miaka ya 640 na jeshi kweli, nani anabisha, lakini Wakopti waliendelea kuwa wengi kuliko Waislamu kwa karne kadhaa na mpaka leo wapo kwa mamilioni, sasa huo upanga ulikuwa butu au? Tena kuna magavana wa Bani Umayya, ukoo wa makhalifa wa wakati ule, hawakufurahia watu kusilimu, maana asiye Mwislamu alilipa kodi ya jizya na akisilimu hela inapotea, wakawa wanawatoza hata waliosilimu mpaka khalifa Umar bin Abdulaziz (717 hadi 720) akakataza. Na Indonesia yenye Waislamu zaidi ya milioni 200, ni jeshi gani la Waarabu lilitua kule? Walifika wafanyabiashara, kama walivyofika Kilwa.

Wa pili naye aache. Aya ya 256 ya Al-Baqara, hakuna kulazimisha katika dini, tunaijua wote, ila sheria kuwepo na watu kuifuata ni vitu viwili, muulizeni dereva yeyote wa Hiace. Al-Muwahhidun, watawala wa Kiislamu karne ya 12 huko Maghreb na Andalusia, yaani Afrika Kaskazini na Hispania, waliwabana Wayahudi na Wakristo wasilimu, familia ya Musa bin Maimuni, yule mwanazuoni wa Kiyahudi, ikatoka Cordoba ikahangaika mpaka ikaishia Misri, kwa Waislamu hao hao, na yeye akawa tabibu kwenye jumba la sultani Salahuddin. Waturuki wa Uthmaniya wakachukua watoto wa kiume wa Wakristo huko Balkan wakawasilimisha wakawafanya askari. Na mtumwa aliyefungwa kongwa toka bara mpaka pwani akasilimu nyumbani kwa bwana wake, mtaniambia aliomba?

Kilichoniuma lakini ni msibani. Mwezi jana tumemzika baba mdogo, alibatizwa Elia huko Machame mlimani akafa Majengo hapa Moshi anaitwa Rashidi. Kijana mmoja wa ukoo, wale wanaorudi na suti, akachomoa gazeti lenu mfukoni palepale chini ya turubai akaanza kuwasomea wazee, mnaona, mzee wetu alilazimishwa, mwili urudi kihambani, shamba la ukoo, mchungaji amzike. Maiti iko ndani inasubiri! Mashehe kimya upande huu, kina mama wa kwaya kimya upande ule, saa nane ya mchana jua linachoma, na wazee wawili watatu washaanza kutikisa kichwa kwamba eti gazeti limesema. Mhariri, stori za baba mdogo nimezisikiliza mimi miaka yote. Alishuka mlimani 1963 akawa utingo wa lori la Moshi Tanga, dereva mtu wa Tanga. Ramadhani ilipoingia akawa anajificha chini ya lori anakula kiporo cha machalari, ndizi zetu za Kichaga, peke yake, jioni wenzake wakifuturu yeye asiyefunga ndo wanampa tende ya kwanza, na uji wa pilipili manga, na tambi za nazi, aibu ikamshika, siku ya nne akafunga na yeye, akafunga mpaka mwezi ukaisha. Mwaka uliofuata akatamka shahada kandokando ya barabara Korogwe wanabadili tairi. Chuma pekee kilichokuwepo ni spana. Niliyasema hayo kwa sauti, kijana akakunja gazeti, tukamzika Majengo saa kumi na moja na mchungaji alikuja akatia udongo kama sisi wengine. Na babu yangu aliyebatizwa, yeye alitaka shule na shule zilikuwa za misheni, basi. Hilo mbona hamliiti upanga?

Alafu kuna hawa wa mafao, siwataji. Baba mdogo hakubadili makaratasi ya kazi, huko ni Elia, kitambulisho ni Rashidi, sasa mama mdogo anapigwa danadana dirisha kwa dirisha, mara lete afidaviti, mara hii afidaviti imekosewa, mara lete cheti cha ubatizo. Mwanamke wa Kiislamu wa miaka 70 anatafuta cheti cha ubatizo cha marehemu ili apewe hela ya marehemu! Kama mnatafuta watu wanaolazimishwa dini anzieni hapo, mpange foleni saa kumi na mbili asubuhi maana namba zinaisha.

Ushauri wangu: ule ukurasa wa mikeka ya kubeti kateni nusu, na anayetaka kuandika historia ya dini akakae kwanza kwenye mkeka wenyewe, barazani Majengo baada ya alasiri, siku tatu, kahawa na kashata nalipa mimi. Siku ya nne kama bado anaona upanga tu mhamishieni michezo. Na akipita Machame aulizie hicho cheti, usharikani wanasema kitabu cha miaka ile kililoa.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Majengo, Moshi