Kabla ya kununua Probox, kagua hati na uvungu wake

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wenzangu wanaozunguka katika yadi za Mombasa wakitafuta Toyota Probox, gari lile lenye umbo la sanduku ambalo wafanyabiashara wengi hulipenda kwa kuwa viti vya nyuma vikilazwa hupatikana nafasi ya magunia, na vipuri vyake havina taabu kupatikana.

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lenye umri unaozidi miaka 8, lakini hata la miaka 7 laweza kuwa limechoka, kwani Probox huko Japani ni gari la kazi. Mimi niliamini mita iliyoonyesha kilomita 68,000, na baada ya kulipa ndipo nilipoiona hati ya kusafirishia gari nje ya Japani, ambayo ilikuwa na idadi kubwa zaidi. Iliniuma sana. Hati hiyo iombwe kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa.

Kwa lililokwisha kutumika hapa pwani, shida kubwa ni kutu. Chumvi ya bahari hula sakafu na mabomba ya breki polepole, na rangi mpya huficha mengi. Kwa hiyo gari liinuliwe, na fundi awe wako, si wa muuzaji.

Ninawaomba wenye yadi waibandike nakala ya hati ya Japani kwenye kioo cha kila gari, mnunuzi aisome mwenyewe.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa