Kaka, usimpe kamshafti zako kwanza

Kaka, vipi milimani huko, baridi imeanza? Sisi huku Dar tupo, mama anakusalimia, watoto wazima. Nisamehe kwa ukimya, tangu tumzike shemeji sijakaa chini nikaandika kitu cha maana. Ila meseji yako ya juzi imeninyima usingizi, ile ya kwamba umepata fundi Mombo anataka kusaga kamshafti zote mbili (zile shafti zinazofungua vali) za hiyo 4A-GE, injini ya Toyota uliyoipachika kwenye Corolla, kwa jiwe la mkono, ili vali zifunguke zaidi gari lipande Lushoto bila kuhema. Kama hujampa usimpe kwanza. Kama umeshampa, kazifuate leo leo, tena kabla hajawasha mashine.

Sisemi ni mwongo. Vali ikifunguka zaidi hewa inapata njia, hilo kweli. Lakini kazi ya nundu, ile sehemu ya kamshafti iliyotokeza inayosukuma vali, siyo kunyanyua tu bana. Krankshafti, shafti kuu ya injini, ikizunguka 6000 kwa dakika kamshafti inazunguka 3000, yaani mara 50 kwa sekunde moja, na kila mzunguko kikombe, kile kinachokaa kati ya nundu na vali, kinatakiwa kianze taratibu, kishike kasi, kipunguze, kigeuke kule juu, kishuke, halafu vali ikae kwenye siti yake bila kujipigiza. Yote hayo yameandikwa kwenye umbo la nundu. Ukilikosea kidogo tu mahali ambapo hata jicho halioni, injini inaona.

Na hili nimeliona kwa mikono yangu. Unaikumbuka ile injini ya mjomba iliyokuwa inagonga? Kamshafti yake ilisagwa na gereji moja hapa mjini, ukiitazama inang'aa vizuri kabisa, ukipitisha kucha husikii kitu. Nikachukua kadi ngumu nikachora sahani ya digrii, nikaifunga kwenye kichwa cha shafti, nikasimamisha dayo geji (saa ya kupimia mwinuko) juu ya kikombe, nikaanza kusoma kila digrii moja. Nikapata meno ya msumeno matupu, maana geji yenyewe inasoma mia ya milimita na ukitoa tofauti ya tofauti (ndiyo inakuonyesha mchapuko, yaani kasi inavyobadilika) kosa dogo la kusoma linameza kila kitu. Nikarudia kila digrii 5. Hapo picha ikakaa: hizo tofauti za tofauti zinapanda vizuri mpaka kama robo milimita, halafu ghafla ubavuni inaruka karibu mara mbili, inayofuata iko chini ya sifuri. Yaani hapo kikombe kinarushwa hewani kisha kinaangukia nundu. Nikageuza shimu, kile kisahani kinachokaa juu ya kikombe, nikakuta kidonda ukubwa wa punje ya mchele. Kaka, nilikaa nakiangalia kile kidonda muda mrefu.

Sasa huyo wa kwako atafanyaje? Chuma haongezi, kwa hiyo lazima asage mgongo, upande ule wa duara, halafu aweke shimu nene. Akisaga mgongo tu akaacha pua (ncha ya nundu) ilivyo, ule mwinuko mdogo wa kuanzia unapotea, na huo ndio unaomeza kliaransi, ule upenyo kati ya nundu na shimu, polepole kabla vali haijaanza kuinuka, ndio pia unaoipokea ikirudi. Ukipotea ndiyo ile tak tak tak, na siti zinapigwa mpaka zinaisha. Akijitahidi kurudishia umbo lile lile kwenye duara dogo, basi akipunguza milimita 1 pua nayo inachongoka kwa milimita 1, pua iliyokuwa na nusu kipenyo cha 3 inabaki 2, na mgandamizo pale inapogusana na shimu unapanda zaidi ya asilimia 20 kwa mzigo ule ule. Na hapo bado ile ngozi ngumu ya chuma hujui amekula kiasi gani.

Halafu kuna upana wa kikombe. Chako ni milimita 28, katikati mpaka ukingoni 14. Sehemu nundu inapogusa inahama kutoka katikati kadri vali inavyopanda kwa kasi, sasa ubavu ukiwa mkali kiasi cha kunyanyua zaidi ya milimita 0.24 kwa digrii moja ya kamshafti, nundu inatoka nje ya kikombe inauma ukingo. Hilo jiwe la mkono litajuaje?

Atakwambia weka springi ngumu. Springi inatakiwa izidi nguvu ya kikombe na vali kutaka kuruka, nayo inakua kwa mraba wa mzunguko, ukitoka 6000 kwenda 7000 unahitaji asilimia 36 zaidi, na mzigo wote huo unaishia kwenye ile pua uliyoichongoa.

Na kinachoniuma zaidi, hata akisaga vizuri haitakusaidia kwenye zile kona. Kamshafti ya mbio inachelewa kufunga vali ya kuingiza, pistoni imeshaanza kupanda, kwenye mzunguko mdogo hewa inasukumwa kurudi ilikotoka. Wewe unapanda na abiria wanne kwenye 2500, utapata gari zito kuliko la sasa. Honda mwaka 1989 walipotoa VTEC, mfumo wao wa kubadilisha nundu kulingana na mzunguko, waliweka nundu za aina mbili kwenye shafti moja kwa sababu hiyo hiyo, nundu moja haiwezi kukupa huku na huku.

Kwa hiyo naomba hivi, zifunge kwenye gunia zipakie basi, nauli ya mzigo nalipa mimi, nizipime nundu zote 16 nikuletee michoro uone mwenyewe. Lakini kabla hujafungua chochote niambie, kliaransi ulipima mwisho lini, injini ikiwa baridi au moto? Mkanda wa taimingi umekaa kwenye alama, hujaruka jino? Kompresheni umepima silinda zote nne au ile ya kwanza tu? Fundi umeshamlipa, na atakurudishia? Na bibi mguu wake unaendeleaje, anatembea sasa?

Nijibu leo hata kama ni usiku wa manane, simu iko wazi.

Nduguyo