Tela la boti: fungueni habu kwanza, rangi itasubiri

Ndugu Mhariri, pole na kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo kila sikukuu zikikaribia linajirudia, ukipita Barabara ya Bagamoyo kuanzia Tegeta kwenda mbele huko unakuta boti imelala upande, tairi liko mtaroni, mwenyewe kasimama anapiga simu. Na ukilicheki tela lenyewe linang'aa, rangi mpya ya bluu, jina la boti limechorwa kwa mbwembwe zote.

Mtu anapeleka tela kwa fundi anamwambia nifanyie ukarabati, fundi naye anakwangua kutu juujuu na brashi ya waya, anapiga redioksaidi ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, rangi mikono miwili, winchi mpya, hela imeshaliwa hiyo. Habu, kile kitovu cha tairi kinachozunguka kwenye ekseli, haijaguswa. Wakati tela la boti ugonjwa wake mkubwa uko kwenye habu.

We fikiria, umetoka mjini na jua lote lile, habu zimepata moto njiani, unafika Kunduchi unarudisha gari nyuma moja kwa moja mpaka maji yanafunika ekseli. Ile hewa ya ndani ya habu inapoa ghafla inasinyaa, inavuta maji, na kama oilsili, ile ringi ya raba inayoziba habu, imechoka basi maji ya chumvi yanaingia mpaka kwenye bering, vile vyuma vya ndani vinavyofanya tairi lizunguke laini. Boti ikirudi tela linapakiwa uani linasahaulika, grisi inageuka rangi ya chai ya maziwa, bering zinakula kutu kimyakimya, safari inayofuata zinajisaga mpaka zinagandia kwenye ekseli au tairi linachomoka na habu yake. Dawa ya kwanza haina hata gharama: ukifika pwani tulia, kunywa dafu lako, shika habu kwa mkono, kama bado ina joto subiri.

Dawa ya pili ndo hiyo kufungua. Osha kwa mafuta ya taa, futa, angalia. Bering ikiwa na vidoti au imebadilika rangi kuwa ya bluubluu, badilisha pamoja na ile ringi yake iliyogongewa ndani ya habu, usichanganye mpya na ya zamani eti kubana matumizi. Na usinunue kwa kukadiria kwa macho, namba imechongwa palepale kwenye bering. Matela mengi ya ekseli moja yaliyotoka Marekani utakuta L44649 ya nje na L68149 ya ndani, ila haya yetu ya kuunda huku yana ekseli za Hiace au pikapu kuukuu kwa hiyo chochote kinawezekana, beba ile ya zamani nenda nayo dukani Kariakoo. Oilsili weka mpya kila ukifungua. Grisi iwe ile ya vyombo vya majini. Wakati wa kufunga kaza nati huku unazungusha tairi mpaka liwe zito, halafu legeza kidogo, weka spliti pini mpya, ile ya kuzuia nati isifunguke. Kama una hela ya kuongeza nunua vile vifuniko vyenye springi ndani vinavyoisukuma grisi muda wote, maji yanakosa pa kuingilia.

Tukija kwenye fremu, bomba la mraba linaoza kuanzia ndani. Nje unaona zima, ukigonga na nyundo linatoa mlio mzito usiolia vizuri, ukitoboa unamwaga unga wa kutu. Kwa hiyo kama unaunda upya mi nakushauri chaneli au engo, vile vyuma vya umbo la U au L, ziko wazi, maji yanatoka na kutu unaiona mapema. Na fremu iliyochovywa kwenye zinki, ile ya kuyeyushwa kwenye nyuzi kama 450, usikubali fundi aichomelee hivihivi. Akwangue zinki kwanza kwa grenda, akae nje kwenye upepo, moshi wake unaleta homa ya kutetemeka usiku kucha. Hili la kunywa maziwa eti kujikinga na moshi huo mafundi wetu wanaliamini sana, jamani maziwa hayaendi kwenye mapafu.

Kitu kingine watu wanaboresha boti wanasahau tela. Mtu alikuwa na injini ya farasi 15 kaweka ya 40, uzito wa injini umekaribia mara mbili na wote umekaa nyuma, sasa tela likifika spidi kidogo linaanza kuyumba na kulivuta gari mkia. Uzito unaokaa kwenye kichwa cha kuungia gari unatakiwa uwe asilimia 5 mpaka 10 ya mzigo wote, yaani boti na tela vikiwa kilo 600 basi pale mbele kilo 30 hadi 60, unapima na mzani wa kupimia watu tu. Ikipungua sogeza nguzo ya winchi mbele au rudisha ekseli nyuma.

Taa sitasema mengi, nyingi zinazima kwa sababu ya ati, ile njia ya umeme kurudi kwenye betri. Vuta waya wa ati mpaka kwenye kila taa usitegemee chuma chenye kutu, na chomoa plagi kabla hujaingia majini.

Sasa mafundi wa Gerezani na kwingineko, mteja akileta tela muandikie bei ya habu na bering juu kabisa, rangi ikae chini, akikataa habu mwambie hiyo kazi hamuifanyi. Na nyie trafiki mkisimamisha tela la boti msiishie kwenye stika, ombeni taa ziwashwe, halafu mtikise tairi kwa mikono miwili juu na chini, likicheza liegeshwe pembeni mpaka fundi aje.

Msomaji wako,
Mvuvi wa wikiendi, Kunduchi, Dar es Salaam